Pale Kitinda Anapojikwaa

Jumapili, 3 Machi
Asubuhi ya mawingu mazito, hakuna upepo. Mvua imetishia tu, haikunyesha.

Mdogo wangu,

Nimeanza na hali ya hewa, ucheke ukitaka. Shajara nimeishika tangu sekondari na sasa hata barua siwezi kuiandika bila kwanza kutazama juu.

Mama ni mzima wa mwili. Anakula, anatembea, anakunja nguo ambazo nimekwisha kuzikunja. Ila mimi hanijui tena. Tangu mwezi uliopita ananiita Mtu wa Maji. Nadhani ni lile shati langu la bluu la kazini. Nikiingia kumwamsha anavuta shuka hadi kidevuni na kuniambia kwa adabu kabisa, "Mita iko nje, kushoto kwa mlango." Siku ya kwanza nilicheka. Nimesoma mita za maji katika mitaa yote ya hapa, nimekimbizwa na mbwa, nimetukanwa na wenye nyumba, lakini sikutegemea kuelekezwa mita ya kwetu.

Nilivua shati. Nikavaa gauni. Akasema, "Leo umekuja bila sare."

Wewe anakukumbuka. Kila mara jirani wa kushoto akija kukaa naye asubuhi ninapokuwa kazini, anamwambia Kitinda wangu anapiga gitaa hoteli kubwa. Sikuandikii kwa wivu. Nakuandikia kwa sababu redio imeutafuna mkanda wako, ule uliorekodi hapa mezani siku chache kabla hujaondoka. Nimeurudisha kwa penseli, lakini sauti inayumba kama mtu mwenye homa. Siku yoyote utakatika.

Nikiuweka ule wimbo anaoupenda, Mama huacha kukunja nguo. Anasikiliza dakika moja, mbili, uso unakunjuka. Halafu anasema, "Zima redio, betri zitaisha." Anajua ni redio, hadanganyiki.

Kwa hiyo nimelitoa gitaa lako la zamani juu ya kabati. Nitajifunza huo wimbo kwa sikio, kutoka kwenye mkanda, kabla haujafa. Nataka utoke mikononi mwa mtu, aliye hai, ndani ya nyumba hii. Labda atatazama ni mikono ya nani. Nataka aniite Mkubwa wangu, kama zamani. Hata mara moja.

Nieleze namna ya kukaza nyuzi. Uzi mwembamba wa chini haupo. Na unakuja lini?

Dada yako

Nimeongeza asubuhi: nililala saa sita kasorobo. Mama aliamka mara moja tu.


16 Machi

Shikamoo Dada,

Hapa jua linawaka, anga safi, ndege wawili wamepita. Umefurahi? Wenzangu wa bendi wameisoma barua yako juu ya bega langu, sasa wananiuliza kila asubuhi kama dada ametabiri mvua.

Habari za Mama zimenikaa rohoni. Mtu wa Maji! Nilicheka halafu nikaona aibu kucheka.

Sasa sikiliza. Usianze kukaza nyuzi kichwani mwako. Weka mkanda, subiri besi ya kwanza kabisa, ile nzito inayofungua wimbo. Isimamishe redio hapohapo huku bado inalia masikioni, kisha zungusha ufunguo wa uzi mnene hadi viwili viwe kimoja. Nyingine utazipata kutoka huo. Mkanda ukiyumba, yumba nao, kwani unampigia nani mwingine? Usiombe mtu akuandikie chochote. Wewe una masikio ya mabomba, si ndiyo kazi yako, kuweka sikio kwenye chuma na kusema maji yanavujia wapi?

Vidole vitauma. Vikiota sugu ndipo umekuwa mpiga gitaa.

Nakuja mwezi wa nne, wageni wakipungua hotelini. Natuma nyuzi mpya kwa mtu wa basi.

Kitinda


Jumapili, 31 Machi
Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Bati linapiga kelele, mkanda sisikii vizuri.

Mdogo wangu,

Nyuzi zimefika. Nimefanya ulivyosema na nimepata besi siku ya tatu. Mabomba ni kweli yamenisaidia. Kazini tunaweka fimbo ya chuma kwenye bomba na sikio kwenye ncha nyingine, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutotafuta sauti. Unakaa kimya mpaka sauti ikufikie. Nafanya hivyo na wimbo. Nasikiliza kipande kidogo, nazima, nakaa, kisha vidole vinakwenda vyenyewe kukitafuta. Mara nyingi vinakosa. Jirani wa kushoto amesema, "Dada, hilo gitaa lina ugonjwa au ni wewe?" Nikamwambia wote wawili tunaendelea na dawa.

Ncha za vidole vya kushoto zimechubuka na sasa zimeanza kuwa ngumu. Nikishika karatasi za ofisini sizihisi.

Mzunguko wa kwanza ninao. Wa pili ninao, ingawa polepole. Lakini nataka nikuambie kuhusu wa tatu, kwa sababu ndipo nilipoupenda huu wimbo. Sauti inapanda, inapanda, unafikiri itafika juu, mara inasimama. Kimya kidogo sana, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni. Kisha noti ileile inagongwa mara mbili, ya pili dhaifu, ndipo inashuka. Nimekaa na kipande hicho wiki nzima. Sasa nakipiga kama kilivyo, hata ule udhaifu wa noti ya pili. Sijui aliyeutunga alikuwa anawaza nini, lakini alikuwa amepatwa na jambo.

Bado sijampigia Mama. Nafanyia mazoezi stoo, mlango umefungwa. Nitampigia utakapokuja, ukae pembeni unirekebishe.

Mwezi wa nne unaingia kesho. Nimefua mashuka ya chumba chako.

Dada yako

Nililala saa nne na nusu. Mapema, kwa mara ya kwanza.


13 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimevunjika mbavu, nisamehe. Hicho kipande ulichokipenda hakimo kwenye wimbo. Ni mimi nimejikwaa!

Wewe ulikuwa shule ya bweni miaka ile, huwezi kujua. Pale mzunguko wa tatu kidole changu cha mwisho kilikuwa hakifiki. Kila jioni, palepale. Nilikuwa nasimama, nagonga, nakosa, nagonga tena. Na Mama alikuwa anaita kutoka chumbani, "Umejikwaa tena, Kitinda." Kila jioni, Dada, hata akiwa na wageni. Hata siku ya kurekodi nilijikwaa, ila alikuwa ametoka. Kiongozi wa bendi ndiye aliyenitoa ugonjwa huo, alikuwa ananigonga vidole na kijiti cha ngoma.

Dawa yake: usiukunje mkono. Kiganja kisogeze chini ya shingo ya gitaa, kidole cha mwisho kifike kabla hakijahitajika. Utapanda moja kwa moja bila kusimama. Ndivyo wimbo ulivyo.

Dada, mwezi huu sitaweza. Hoteli imeongeza mkataba, tunapiga kila usiku, na nikiondoka kuna kijana anakitazama kiti changu kama paka. Mwezi ujao bila shaka.

Kitinda


Jumapili, 5 Mei
Ukungu hadi saa mbili, kisha jua kali.

Mdogo wangu,

Barua yako niliiweka siku kadhaa bila kuijibu. Si kwa hasira. Nilikuwa narekebisha.

Kufuta kitu ulichokipata kwa sikio ni kazi kuliko kukipata. Lakini nimefaulu. Jumatano niliacha kukusubiri, nikamkalisha Mama sebuleni, nikakaa mbele yake na kuupiga wote, sawasawa, bila kusimama popote. Alinitazama vidole, si uso. Nilipomaliza akasema, "Unapiga vizuri, fundi. Nani amekuita?" Nikamwambia ni mimi, Mkubwa wako. Akatabasamu kama tunavyomtabasamia mtu anayetuuzia kitu tusichokihitaji. "Ukimaliza," akasema, "mita iko nje."

Nikamrudisha chumbani kwake. Nikaenda jikoni na gitaa, kwa sababu sikutaka aone uso wangu, na nikalipiga ovyo, bila kufikiri. Nilipofika mzunguko wa tatu mkono ulikuwa umechoka. Ukarudi kwenye njia yake ya zamani. Ukasimama. Ukagonga mara mbili.

Na Mama akaita kutoka chumbani, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa na nywele za mafungu mawili, "Umejikwaa tena, Kitinda."

Akacheka. Akasema, "Umerudi lini wewe, hata kusalimia hakuna?"

Niliendelea kupiga. Jioni hiyo alikula chakula chote, akaoga bila kugombana nami, na akalala kama mtoto.

Nilidhani ni bahati. Alhamisi nimeupiga vizuri, hakuna kitu. Ijumaa nimejikwaa makusudi, ameita. Jana pia.

Njoo.

Dada yako


18 Mei

Shikamoo Dada,

Nimeisoma barua yako jukwaani kabla hatujaanza na ikabidi nishuke nikaoshe uso. Mama anacheka! Dada, hujui umenitua mzigo gani. Nilikuwa nalala na kuamka na lile neno lako la mwisho.

Basi piga hivyohivyo. Jikwae kila siku. Ukifikiria vizuri, mimi nipo hapo nyumbani, nipo jikoni kila jioni, na Mama ameridhika. Nikija sasa si nitamchanganya? Leo nipo, kesho sipo. Afadhali nije mwisho wa mwaka, nikae siku nyingi.

Nimewasimulia wenzangu. Wanasema dada yangu ni mpiga gitaa wa kwanza duniani kujifunza kukosea.

Kitinda


Jumapili, 2 Juni
Asubuhi baridi. Mawingu, hayana maji.

Mdogo wangu,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe haupo jikoni. Jikoni nipo mimi.

Nilikuwa sitaki kukuandikia haya. Lakini kwa kuwa umeridhika, nisikilize. Mama akishaita, huongea nawe kupitia mlango ule ulio wazi nusu. Huongea muda mrefu, na ana akili timamu kuliko anavyonipa mimi mchana kutwa. Anakusimulia habari za yule Mtu wa Maji. Kwamba anaingia bila kubisha hodi. Kwamba anamsugua mgongo kama sufuria. Kwamba amemfichia viatu ili asitoke. Ni kweli, nimevificha, alikwisha kutoka mara mbili na kufika barabarani. "Mwanamke mkavu huyo," anakuambia. "Hana kwao?" Nami nakaa pale na gitaa lako mapajani, napiga taratibu ili asikie uko naye.

Hayo nimeyazoea. Juzi alisema jingine. Alisema, "Kitinda, dada yako wamemshikilia huko bweni mpaka lini? Mkubwa wangu angekuwapo nisingeogeshwa na watu wa mita. Mwandikie arudi."

Basi nakuandikia. Hajanisahau, unaelewa? Ananingojea. Ananingojea kila siku na kila siku mimi ndiye ninayemfungulia dirisha.

Nimewaza na hii ndiyo njia. Njoo siku moja tu. Ukae jikoni, upige, ujikwae, aite. Ukiwa bado unapiga, mimi nizunguke nje, niingie kwa mlango wa mbele na begi langu la shule, lile la kahawia, bado ninalo, kama mtu aliyeshuka safarini. Wewe uko, umerudi, kila kitu kiko mahali pake, basi na mimi naweza kurudi. Peke yangu siwezi. Mtu hawezi kuwa jikoni na mlangoni kwa wakati mmoja.

Siombi kingine. Hata ukipanda basi la jioni hiyohiyo.

Dada


10 Juni

Dada, shikamoo,

Nakuja. Jumamosi tarehe 22, nitashuka na basi la asubuhi. Nimemwambia kiongozi wa bendi, amenuna, anune. Yule kijana akikalie kiti siku moja, hatakiyeyusha.

Lisafishe hilo begi. Na usifanye lolote kabla sijafika.

Kitinda


24 Juni

Dada yangu,

Najua ulikaa kunisubiri. Usiichane barua hii kabla ya kuimaliza.

Ijumaa jioni watu wa redio walikuja hotelini. Walitaka wimbo mmoja wa zamani kwa kipindi chao, na kurekodi ni Jumamosi asubuhi, ama tuache. Nikawapa wimbo wa Mama. Nifanyeje, Dada? Miaka yote hii napigia watu wanaokula. Nilitaka mara moja watu wanyamaze nikipiga.

Nimeupiga kwa ajili yake. Mara moja tu, hatukurudia, hata kiongozi wa bendi alipiga makofi. Mzunguko wa tatu nimepanda kama ngazi. Nilijaribu baadaye, kwa utani, kuwaonyesha wenzangu nilivyokuwa najikwaa, na unajua? Siwezi tena. Kidole kinafika chenyewe.

Nakutumia kaseti. Mpigie Mama, atafurahi kusikia mwanawe redioni. Nakuja mwezi wa saba. Nakula kiapo.

Kitinda


Jumapili, 7 Julai
Anga safi kabisa. Upepo mdogo wa kukausha nguo.

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Kaseti imefika salama.

Tarehe 22 nilienda kituoni mapema. Basi la asubuhi lilishusha watu wote, na la pili, na la saa saba mchana. Dereva wa mwisho aliniuliza namngoja nani, nikasema fundi. Nilirudi nyumbani na begi. Jirani wa kushoto alikuwa amemvalisha Mama kile kitambaa cha kichwa cha maua, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kuna wageni.

Uliniambia nisifanye lolote kabla hujafika. Nikafanya.

Nilikaa jikoni nikapiga. Nikajikwaa. Akaita, akacheka. Nikaliweka gitaa sakafuni taratibu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mbio chini ya dirisha lake na begi mkononi. Nilibisha hodi. Niliingia.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameelekeza sikio jikoni. Jikoni kimya. Alinigeukia na kunitazama kwa muda mrefu, tangu kwenye viatu. Akaliona begi. Nikaona linamfikia, kama sauti inavyopanda kwenye bomba. Akasema, "Mkubwa?"

Nikasema, "Nimerudi, Mama."

Alininyooshea mkono, nikampa wangu. Wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulishika begi. Akaushika kwa mikono miwili, akaupapasa, akafika kwenye ncha za vidole. Zile sugu. Akazipitia moja moja, kama anayetafuta kokoto kwenye mchele. Uso wake ukafunga. "Mwanangu ni mtu wa kalamu," akasema. "Vidole vyake laini. Wewe ni wa mabomba." Akaniachia. Halafu akaniambia kwa adabu, kwa sababu Mama hakuwahi kuwa mtu wa matusi, "Mita iko nje, kushoto kwa mlango. Ukipita jikoni mwambie Kitinda aendelee. Mbona amenyamaza?"

Kama ungekuwa unapiga, asingekuwa na haja ya kushika vidole. Angekuwa anasikiliza.

Nilipita jikoni. Nikaliokota gitaa. Nikaendelea.

Jana nilimwekea kaseti yako mpya. Umepiga vizuri. Nasema kweli, mimi nilisikiliza mpaka mwisho na mahali pale nilijikuta nimezuia pumzi nikingoja usimame, ukapita tu. Mama alisikiliza huku akikunja taulo. Mzunguko wa tatu ulipopita akasema, "Zima redio, betri zitaisha." Nikamwambia, "Mama, huyo ni Kitinda." Akanitazama kwa huruma. "Kitinda hapigi hivyo," akasema. "Yuko jikoni, utamsikia jioni."

Kwa hiyo kiapo chako nakurudishia. Usije mwezi wa saba. Ukija utakaa jikoni, utapiga kama ngazi, na atakuuliza nani amekuita, fundi. Atakuelekeza mita. Mimi nilikwisha kuzoea, wewe utalia, na nitakuwa na watu wawili wa kuwabembeleza.

Wewe hapa nipo nawe. Unajikwaa kila jioni baada ya chakula. Unasikiliza malalamiko yake yote bila kujibu. Una tabia nzuri kuliko ulivyokuwa nayo. Juzi alikupa radhi zake, akiomba kwa sauti, akitaja jina lako lote na la baba. Nilisema amina kwa niaba yako. Ukitaka kujua, ilikuwa baada ya jua kuzama na hapakuwa na umeme.

Jambo moja tu. Bado anauliza kama umeniandikia nirudi. Mwanzoni nilinyamaza. Sasa nimepata jibu. Akiuliza, napiga uzi mnene mara moja, ile besi ya kufungulia wimbo, na amekubali kwamba maana yake ni ndiyo.

Dada yako

Nililala saa tisa usiku. Nilikuwa natazama dari, na vidole vya kushoto nilivishikilia kwa mkono wa kulia.